Sentimita Kumi za Mzee Futi

Mzee Futi alipofariki, hata waliokuwa hawasalimiani walisalimiana. Si jambo dogo hilo, maana mchezo wenyewe una watu wasiozidi arobaini, na ugomvi wao unawatosha watu mia nne. Ni mchezo wa vigari vya tanga: magurudumu matatu, kiti cha kulala chali, mlingoti mmoja, tanga moja, na uwanja wa ndege wa zamani ambao ndege ya mwisho kutua hapo hakuna anayeikumbuka. Upepo ukija, vigari vinakimbia kuliko pikipiki. Upepo usipokuja, watu wanakaa kwenye kivuli cha banda la chama wakisengenyana mpaka jioni. Wapo wanaosema mchezo hasa ni huo wa pili.

Mzee Futi alikuwa mpimaji. Kila tanga lilitandazwa mbele yake, na upande wa mlingoti usizidi mita tano. Likiwa halali aliligonga muhuri wake wa bluu kwenye pembe. Futi yake ya kupimia ilikuwa ya chuma, ndefu, ya kujikunja ndani ya kibweta cha ngozi, na hakuna aliyeruhusiwa kuishika, hata mkewe. Alikuwa mtu wa watu. Alijua nani kajifungua, mtoto wa nani kafeli, nani kanuniwa na mama mkwe. "Mwanangu, umekonda," angekwambia huku amepiga magoti juu ya tanga lako. "Nani anakukondesha, nikamgonge muhuri wa usoni?" Nani asingempenda mtu wa namna hiyo?

Basi chama kikaamua kumfanyia siku yake. Litashonwa tanga jeupe lenye jina lake, litafungwa kwenye kigari kimoja, kigari kitakwenda peke yake toka mwanzo wa uwanja mpaka mwisho, na ndani ya pindo la tanga kutakuwa na mfuko wenye futi yake. Mwenyekiti mwenyewe alikuja kwa Fundi kuagiza.

"Fundi, kazi hii hatumpi mtu mwingine. Mzee alikupenda wewe kuliko sote."

Fundi akafuta machozi kwa kipande cha kitambaa cha tanga, kitu kigumu kama karatasi ya msasa, kikamkwaruza shavu. Alikuwa mama wa makamo, mshonaji wa matanga, na chumba chake cha mbele chenye cherehani mbili na benchi refu hakijawahi kuwa kitupu. Mwenye shida alikaa hapo, mwenye habari alikaa hapo, na mwenye kutafuta habari alikuja na kiti chake. Aliyoyasema mwenyekiti yalikuwa ya kweli. Katika mchezo mzima, mtu mmoja tu ndiye ambaye hakumpa kisogo baada ya yale mambo ya kipande, naye alikuwa Mzee Futi.

Yale mambo yalikuwa hivi.

Miaka kumi na minne nyuma, mume wa Fundi alikuwa mwendeshaji. Walimwita Breki kwa sababu vigari havina breki na yeye pia hakuwa nayo. Siku ya fainali alitangulia mpaka watu wakaacha kumshangilia wakaanza kumcheka aliyekuwa wa pili, ambaye alikuwa Kinyozi. Baada ya mbio, kama ilivyo desturi, matanga ya washindi watatu yalipimwa upya. Mzee Futi siku hiyo alikuwa anaitwa huku, anavutwa kule, soda mkono mmoja, mtoto wa mtu mkono wa pili. Akapiga magoti, akapachika msumari wake, akaivuta futi, akaandika. Halafu akasema kwa sauti ya chini, kama anayetoa habari ya msiba:

"Tano na sita."

Mita tano na sentimita sita! Na sheria ya chama haina mjadala: tanga lililozidi hukatwa palepale mbele ya watu, na kipande kinatundikwa kwenye msumari ukutani mwa banda, kiwe funzo. Kabla Fundi hajafunga mdomo, mkasi ulikuwa umeshapita.

"Mimi nimekata nne tisini na sita!" alipiga kelele. "Nimepima mara tatu! Leteni futi yangu nyumbani!"

"Futi yako ya kitambaa, shemeji?" Kinyozi alimjibu, tayari amelikumbatia kombe. "Imevutika hiyo, kama maneno yako."

Watu wakacheka. Kicheko kikishapita, hata ukileta mashahidi kumi huwapati wasikilizaji. Mtu halipimi tena tanga lililokwisha kukatwa. Kipande kikatundikwa, cheupe, upana wa vidole vitatu, na chini yake mwenyekiti wa wakati ule akaandika kwa chaki: *La Fundi.* Chaki ilifutika baada ya mwezi. Haikuwa na haja ya kuandikwa tena.

Wateja wakapungua. Wengine walimwita Fundi Sita, kwa siri, siri ya watu arobaini. Usiku ule ule aliitupa ile futi ya kitambaa jalalani, maana yeye mwenyewe alianza kuamini kwamba ilivutika. Akanunua nyingine, nayo hakuiamini. Tangu hapo kila tanga alilikata fupi kuliko inavyotakiwa, apate usingizi, na matanga mafupi hayana mbio, basi wale wateja waliomkimbia kwa kuogopa udanganyifu wakafuatwa na wale waliokimbia kwa kutaka mwendo. Akabaki na mahema, mapazia ya maduka, na maturubai ya malori.

Na Breki? Breki alikiuza kigari kwa fundi redio, akakaa siku tatu bila kusema, siku ya nne akasema, "Nimekusamehe, mke wangu."

"Umenisamehe nini? Sikufanya kitu."

"Ndiyo maana nakwambia nimekusamehe."

Akaendelea kumsamehe miaka kumi na minne. Alimsamehe mbele ya wageni, mbele ya wakwe, mbele ya mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Mboga ikizidi chumvi: "Lile la tanga nililisamehe, seuze chumvi." Na wageni humtazama kwa heshima, wakisema moyoni, mwanaume mwenye moyo kama huu hayupo tena. Hakuna mzigo mzito kama msamaha wa kosa usilolifanya. Huwezi kuulipa na huwezi kuurudisha.

Kwa hiyo elewa Mzee Futi alikuwa nani kwa Fundi. Msimu uliofuata tu, alianza kuja. Kila mwanzo wa msimu, pakiti ya sukari na kibunda cha uzi wa nailoni, mzuri, wa bei. Anakaa kwenye benchi, anaulizia afya, anawachekesha waliopo. Halafu anakohoa. "Mwanangu, kuna neno nataka tuzungumze mimi na wewe." Na Fundi: "Sema, baba, hapa wote ni watu wa nyumbani." Mzee anatazama benchi lililojaa, anatabasamu. "Basi, siku nyingine. Si la haraka." Akitoka, Fundi huwaambia waliobaki, "Mnaona? Mtu mzima yule ndiye peke yake anayenijua."

Tanga la kumbukumbu lilikuwa limebakiza mfuko tu, siku nne kabla ya shughuli, alipokuja mjane wa mzee asubuhi. Mvua ilikuwa imewazuia watu, chumba kitupu. Akaweka mezani kibweta cha ngozi na daftari nene la jalada jeusi.

"Tia vyote viwili mfukoni, mwanangu. Daftari ndilo alilokuwa akiandikia vipimo vyake. Mimi macho yangu hayaoni tena maandishi madogo."

Hakukaa. Hata chai alikataa, akasema mvua, ilhali mvua ndiyo kwanza ilikuwa inakatika.

Fundi alilifungua daftari kwa mapenzi tu. Alitaka kuona matanga yake ya zamani yameandikwa kwa mkono wa mzee. Kila mstari ulikuwa na namba ya tanga, kipimo, halafu *toa 10*, halafu jibu. Tanga namba mbili: 5.08, toa 10, 4.98. Tanga namba tano: 5.09, toa 10, 4.99. Ukurasa baada ya ukurasa. Toa kumi, toa kumi.

Akaivuta futi kutoka kwenye kibweta. Mwanzo wake ulikuwa umepondwa na gurudumu, namba zimefutika, chuma kimejikunja kama ulimi wa njaa. Penye kumi palikuwa na tobo dogo la msumari. Mafundi wanaijua njia hiyo: futi ikiharibika mwanzo, huitupi, unaanzia kumi, na mwisho unatoa kumi. Ni njia nzuri kabisa, mradi usisahau.

Akageuza kurasa mpaka fainali ya mwaka ule. Tanga namba saba. 5.06.

Basi. Mstari umeishia hapo. Hapana toa. Hapana jibu.

Fundi alikaa. Cherehani ya pili ilikuwa na turubai la lori limelalia mguu wake, hakulisogeza. Akafungua msimu uliofuata. Tanga namba saba, sasa la fundi redio: 5.00, toa 10, 4.90. Ile 4.90 ilikuwa imezungushiwa duara, duara limepitiwa kalamu mara nyingi mpaka karatasi imechanika. Mzee alikata sita kwenye tanga lililotakiwa kubaki na tano kamili, na mwaka mmoja baadaye akalikuta na nne tisini. Hesabu ya mtoto wa darasa la pili. Chini yake, kwa herufi ndogo: *Nimwambie Fundi.*

Na mwaka uliofuata, juu ya ukurasa wa kwanza wa msimu: *Nimwambie Fundi.* Na uliofuata. Alihesabu. Kumi na tatu. Katika mwaka mmoja alikuwa ameandika pia *sukari, uzi.*

Kumbe ile sukari. Miaka yote hiyo alikuwa anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, naye anasema ahsante baba.

Kulia hakulia. Alichofanya kilimshangaza mwenyewe: alilitandaza tanga la kumbukumbu sakafuni akalipima. Nne themanini na nane. Fupi, kama yote aliyoyashona tangu siku ile. Akafumua pindo, akaongeza kitambaa, akashona upya. Lilipofika nne tisini na sita, kamili, akakata uzi kwa meno.

Siku yenyewe upepo ulikuwa mzuri, wa pembeni. Viti vilipangwa mbele ya banda, mjane kiti cha mbele, mwenyekiti na kipaza sauti kilichokuwa kinapiga mluzi. Kila aliyesimama alimsifu mzee. Mmoja alisema mzee alimposea mke. Mwingine alisema mzee alimlaza hospitali. Breki naye alisimama, akasema mzee alimfundisha kuvumilia, akamtazama mkewe pembeni, na watu wakaguna kwa kumwelewa. Ukutani nyuma yao kipande kilikuwa bado kwenye msumari wake, kimekuwa rangi ya chai.

"Sasa," alisema mwenyekiti, "tanga lifungwe."

"Halijapimwa," Fundi alisema.

Mwenyekiti alicheka. "Dada yangu, hili ni la kumbukumbu."

"Ni tanga, na linaingia uwanjani. Mzee angekubali liingie bila kupimwa?"

Hapo alikuwa amewabana. Mpimaji mpya alikuwa ni Kinyozi, na Kinyozi hahitaji kubembelezwa mara mbili mbele ya watu. Akaja akitembea kwa madaha, akachuchumaa. Fundi akamkabidhi futi ya mzee.

"Kwa futi yake. Na pachika msumari pale palipo tobo. Ndivyo alivyokuwa anafanya."

Kinyozi akapachika, akavuta, akainama kusoma. Akainama tena. Uso ukamchanua.

"Jamani! Tano na sita!"

Kicheko kilichopigwa hapo, hata mjane wa mtu angecheka. Lakini yule mjane hakucheka. "Fundi, hujaacha tu?" "Mleteeni mkasi!" "Mkono umezoea huo!" Breki aliinamisha kichwa akakitikisa polepole, kama mtu anayejiandaa kusamehe upya.

Mwenyekiti akainua mkono. "Leo hatukati. Leo ni siku ya mzee."

"Kata," Fundi alisema. "Sheria ni sheria. Ila kabla hujakata, shemeji, tazama huo mwanzo wa futi. Umeanzia ngapi?"

Kinyozi akatazama. Kicheko kilianza kupungua, cha mbele kwanza.

"Kumi," alisema.

"Basi toa kumi."

Kinyozi alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini kutoa hesabu ile kulimchukua muda. "Nne... tisini na sita."

"Sema kwa nguvu. Kule nyuma hawajasikia."

Kinyozi akaiachia futi. Fundi akafungua daftari, akawasomea. Tanga namba mbili, toa kumi. Tanga namba tano, toa kumi. Tanga namba saba, tano na sita, basi. Akawasomea na duara. Akawasomea *Nimwambie Fundi*, mara zote kumi na tatu, na mwaka wake kila moja. Kipaza sauti tu kilikuwa kinapiga mluzi.

Alipomaliza alimgeukia mjane. Huyo ndiye aliyemwogopa. Mama wa watu amekaa na kitambaa chake mkononi, amemaliza machozi, anasomewa dhambi za mumewe hadharani.

"Mama, nisamehe. Nimeyakuta humo."

"Nilikuletea kwa mkono wangu mwenyewe," mjane alisema. "Ulidhani sijui kusoma? Alikuwa anarudi kutoka kwako na uso kama aliyemwagiwa maji. 'Nyumba imejaa watu,' ananiambia. Kila mwaka, nyumba imejaa watu. Nikamwambia, basi nenda siku isiyo na watu. Akasema kwa Fundi siku hiyo haipo." Akakunja kitambaa. "Na mimi kinywa changu kilikuwa wapi? Lakini alikuwa mume wangu, na ninyi nyote mlikuwa mnampenda."

Fundi alingoja. Alikuwa ameingoja dakika hiyo bila kujua kwamba anaingoja. Sasa mtu atasimama. Mtu atasema, tulikukosea.

Aliyesimama ni mwenyekiti. Alijifuta jasho, akakigonga kipaza sauti.

"Ndugu zangu, mmesikia wenyewe. Ni binadamu gani mwingine anayeandika kosa lake mwenyewe? Kwa wino? Kila mwaka? Huyu ndiye mzee wetu. Mkweli mpaka kwenye daftari lake!"

Mtu mmoja akapiga makofi. Wa pili. Halafu wote, na kuna waliolia, na tanga likafungwa kwenye mlingoti, na kigari kikasukumwa, na upepo ukalishika lile tanga la nne tisini na sita, likajaa vizuri bila mkunjo hata mmoja, likaenda. Halijapata kushonwa tanga zuri kama lile katika mchezo ule. Watu walikuwa wanasoma jina lililoandikwa juu yake.

Fundi aliingia bandani peke yake. Akakivuta kipande kutoka kwenye msumari, akakitia ndani ya pochi. Mlangoni akakutana na Kinyozi.

"Lile kombe, shemeji," Kinyozi alisema bila kumtazama, "mke wangu anatilia maua. Ukilitaka..."

"Mwachie maua yake."

Jioni nyumba ilijaa kuliko siku ya harusi. Benchi halikutosha, watu wakakalia maturubai. Kila mmoja alikuwa sasa anakumbuka kwamba siku ile hata yeye alikuwa na mashaka. "Mimi nilisema! Si nilisema?" Hapana, hakusema. Fundi alikuwa amekaa kwenye cherehani akimtazama mtu mmoja tu. Breki alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Wengine wote wangeweza kusema wanachotaka. Huyu alikuwa na neno lake moja, neno dogo, na kwa hilo Fundi alikuwa tayari kuisahau hata sukari.

Breki akakohoa. Chumba kikanyamaza, maana umbea nao una adabu zake.

"Mke wangu," alisema, "Mungu mkubwa. Lakini na mimi watu wanijue. Mimi sikungoja daftari. Mimi nilishakusamehe zamani."

"Eeeh!" wageni waliitikia, na mzee mmoja akampiga Breki begani. "Mwanaume huyo!"

Fundi alimtazama. Alikuwa anasema kweli; hata chembe ya uongo haikuwemo usoni mwake. Alijiona kama mtu aliyelipa mapema.

"Huo msamaha wako," Fundi alisema, "leo uuchukue. Hapa hauna pa kukaa."

Breki akacheka, akadhani ni utani. Akawatazama wageni wamsaidie kucheka, wageni wakatazama maturubai. Mmoja akakumbuka kaacha jiko linawaka. Wa pili akamsindikiza. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi chumba kile kikatoka watu mmoja mmoja bila kuambiwa, mpaka wakabaki wawili.

"Chai ipo?" Breki aliuliza baadaye.

"Jiko lipo palepale."

Fundi akakitoa kipande kwenye pochi, akakinyoosha juu ya meza kwa kiganja. Vumbi, rangi imekwisha, tobo la msumari katikati. Lakini nyuzi zilikuwa bado zimeshikana. Kitambaa cha siku zile kilikuwa kitambaa. Turubai la lori lilikuwa na mpasuko upande mmoja, na kiraka cha upana ule kilitosha kabisa. Akakiweka chini ya sindano, akaanza kukanyaga cherehani.

Jikoni alimsikia Breki akifungua kabati moja, akilifunga, akifungua la pili, akitafuta kiberiti.